Betri Ilipoisha: Sinema, Bahari na Watoto wa Lamu

Hotuba kwa walimu na wazazi wa shule za msingi, ndani ya Ngome ya Lamu

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Walimu wenzangu, wazazi, wazee wetu mlioacha baraza zenu jioni hii, na nyinyi watoto mliokaa kule ngazini: hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya sinema za mazingira na namna ya kuwafundishia watoto wetu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikibeba projekta kutoka shule hadi shule, mara kwa mashua, mara kwa punda, mara begani, na haya nitakayoyasema nimeyaokota njiani. Nianze na siku betri ilipoisha.

Ilikuwa alasiri ya msimu wa upepo wa kaskazi, katika shule moja ya visiwani. Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa makuti na leso ili chumba kipate giza, na joto la humo ndani halisemeki. Shuka jeupe tulilitundika kwa misumari miwili na kipande cha kamba ya jarife. Watoto wa Gredi ya 4 na ya 5 wamejaa mikekani, magoti yamegusana. Sinema yenyewe ilikuwa ya kasa. Mchanga unatikisika usiku, kichwa kinatokeza, kisha kingine, mara ufuo mzima umejaa vitoto vinavyokimbilia majini. Kaa anakamata kimoja, chumba kizima kinapiga kelele. Kitoto cha mwisho kinajikokota, kimefika pale povu linapoishia, wimbi linakuja. Betri ikafa. Shuka likabaki shuka.

Niliinama kuhangaika na nyaya. Nyuma yangu palikuwa kimya, kisha nikasikia sauti ya msichana mdogo: "Kwani mama yao yuko wapi?"

Mvulana akamjibu kabla yangu: "Kasa akishataga huenda zake. Hageuki nyuma." Mwingine akasema babake amewahi kumwonyesha njia ya kasa mchangani, utadhani mtu amepita akiburuta dau. Mwingine akasema vitoto vikiona taa za hoteli hudhani ndiyo bahari, vikapotelea nchi kavu. Kukazuka ubishi kama kile cha mwisho kimefika au hakikufika, na kwa nini kasa atage mayai mia na zaidi shimo moja. "Kwa sababu wengi wataliwa," akasema yule msichana, taratibu, kama mtu anayehesabu. Hiyo ilikuwa nusu saa. Nilikuwa nimesimama na nyaya mkononi, na somo lote nililokusudia kulifundisha baada ya sinema wamefundishana wao kwa wao.

Tangu siku hiyo, mimi mwenyewe ndiye ninayeizima.

Naomba tukae hapa kidogo, maana hili ndilo jambo kubwa lililonileta. Sinema ya dakika 50 iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni imeundwa ili mtazamaji asibanduke kitini. Muziki unamshika mkono, sauti inamweleza kila kitu, na kabla hajauliza lolote ameshapewa jibu. Nilipoanza kazi hii nilikuwa naonyesha sinema nzima ya bahari, kuanzia mwanzo hadi majina ya waliotengeneza. Kesho yake nauliza, mmekumbuka nini? Papa. Darasa zima, papa. Humo ndani mlikuwa na matumbawe, mlikuwa na majani ya bahari ambamo samaki wadogo hukulia, mlikuwa na mikondo ya maji inayobeba joto kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine, na hakuna mtoto aliyebaki nayo hata moja.

Basi ikateni. Dakika 8, dakika 10 zinatosha. Itazame kwanza nyumbani peke yako, utafute pale ambapo mtoto atakuwa anaungojea mwisho kwa hamu, na hapo hapo uzime. Watanung'unika, waache wanung'unike. Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kwetu sisi walimu, kwa sababu tumezoea kuogopa darasa lililo kimya, tunakimbilia kulijaza. Hesabu moyoni hadi ishirini. Kabla hujafika, atasema mmoja. Wakimaliza kubishana, washa tena, waone walichokuwa wakikisia. Utashangaa wanavyotazama mara ya pili.

Na sauti nayo muizime. Sinema nyingi za mazingira zinazotufikia zina msimulizi wa Kiingereza, na Kiingereza hicho si cha mtoto wa Gredi ya 4 wa Kizingitini. Watoto wetu wanajua sana mambo ya kusimuliwa sinema. Hakuna asiyemjua DJ Afro, yule msimulizi wa sinema za kigeni, kwenye vibanda vya video. Kwa hiyo mwalimu akisimama kando ya shuka akasimulia kwa mdomo wake, wao wanaona ni jambo la kawaida kabisa. Hapo ndipo unapoweza kuvipa vitu majina yake. Msimulizi wa mbali ana neno moja tu kwa miti yote ya pwani iotayo kwenye tope. Sisi tuna mkoko, mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi. Mtoto anapouona kwenye shuka ule mti wenye vimizizi vilivyochomoza topeni kama penseli, mwambie ni mchu, na vile vimizizi ndivyo unavyopumulia, kwa kuwa tope halina hewa. Atakuambia anavijua, vimeshamchoma miguu mara nyingi akitafuta kaa.

Sasa niseme juu ya barafu.

Wageni fulani waliwahi kutuletea sinema ya mabadiliko ya tabianchi. Ilikuwa nzuri ya kutazama, siikatai. Dubu mweupe amesimama juu ya kipande cha barafu kinachoyeyuka, amekonda, hana pa kwenda. Watoto walimwonea huruma. Baada ya wiki nikauliza, mabadiliko ya tabianchi ni nini? Wakanijibu kwa umoja: ni barafu ya Ulaya kuyeyuka. Na hapa kwetu? Hapa kwetu hakuna barafu, mwalimu.

Jibu lao lilikuwa sahihi kulingana na walichoonyeshwa, na kosa lilikuwa letu. Tuliwafundisha kwamba jambo hili ni msiba wa jirani wa mbali, unampa pole kisha unarudi nyumbani kwako.

Geukeni mguse ukuta ulio karibu nanyi. Guseni tu, msione haya. Ngome hii ilijengwa kati ya 1813 na 1821, na jiwe mnaloligusa lilikuwa hai. Ni tumbawe. Nyumba zetu za mji mkongwe, ule uliotiwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, zimejengwa kwa jiwe hilo hilo, zikapakwa chokaa iliyochomwa kutokana nalo, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Mtoto wa Lamu hulala ndani ya bahari yake, na hajaambiwa.

Siku moja niliwaonyesha watoto dakika 7 za tumbawe likila usiku. Ni kitu ambacho jicho letu haliwezi kukiona, na hapo ndipo sinema inapostahili sifa: kile unachodhani ni jiwe kinafunguka, kinatoa vidole vidogo sana, kinashika chakula kinachopita majini. Nikazima, nikawatoa nje hadi kwenye ukuta wa zamani uliobanduka lipu. Msichana mmoja alitazama kwa muda mrefu, kisha akaingiza ncha ya ukucha kwenye kitundu chenye umbo la nyota. Akasogea kwenye kingine, na kingine. "Mwalimu," akaniambia, "kila nyota alikuwamo mmoja?" Ndiyo, mwanangu. Kila nyota alikuwamo mmoja.

Baada ya hapo nikaweza kuwaeleza habari ya 1998. Ndani ya mwili wa tumbawe huishi viumbe vidogo vya mwani, navyo ndivyo vinavyolilisha na kulipa rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi, tumbawe huvitoa, likabaki jeupe, na joto likiendelea hufa kwa njaa. Mwaka ule maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto hivyo, na matumbawe ya pwani yetu yakawa meupe na mengi yakafa. Ikatokea tena 2016. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada ambalo dunia imelinasa kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi limemezwa na bahari. Barafu ni sehemu moja tu ya habari. Sehemu nyingine iko hapa nje, baada ya gati.

Na kasa pia. Tulikwenda ufuoni Shela na darasa moja, nikawaambia wachimbe kwa mikono hadi kiwikoni. "Mtanga wa yuu una moto, wa tini baridi," akasema mmoja. Hapo hapo nikawaambia kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua kitoto cha kasa kitatoka dume au jike. Mchanga ukizidi joto, hutoka majike watupu. Wavulana walinyamaza ghafla. Kisha mmoja akauliza, na majike wakiwa peke yao? Nikamrudishia swali. Wameliwaza hadi leo, wananijia nalo njiani.

Ipo shida nyingine, na hii inaniuma zaidi.

Katika sinema nyingi za mazingira lazima awepo mtu mbaya. Katika zile za misitu, mtu mbaya ni mwenye shoka. Katika zile za bahari, ni mwenye wavu. Muziki unabadilika, uso wake hauonyeshwi vizuri, mti unaanguka. Sasa mfikirie mtoto aliyekaa mkekani. Huyo mwenye shoka ni babake. Ada ya shule, sare, daftari analoandikia maneno "tutunze mazingira", vyote vimetoka katika boriti. Nimeona mtoto akiinamisha kichwa. Nimesikia wenzake wakimgeukia.

Kaunti yetu ina takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, na imekuwa ikikatwa kwa karne nyingi. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Uarabuni, yakarudi na kusi yamebeba boriti, mpaka biashara ya kuzipeleka ng'ambo ilipopigwa marufuku mwaka 1982. Watu waliokata wakati wote huo walikuwa na elimu yao. Sinema isiyojua hilo haifai kuingia darasani bila mwalimu kuisimamisha.

Kwa hiyo tuliwapa watoto simu, tukawaambia waende wakatengeneze ya kwao. Mmoja akampiga picha babu yake, mkataji wa zamani. Picha inatikisika, upepo unakula maneno, na kuku anapita mbele mara mbili. Lakini mzee amekaa na miti mitano mbele yake, anaigusa mmoja mmoja: hii fito, hii pau, hii mazio, hii boriti, hii nguzo. Mjukuu anamuuliza, babu, ulikuwa unajuaje wa kukata? Mzee anasema hukati yote ya mahali pamoja, unachagua wenye unene unaoutaka, unaacha wenzake, unahamia mkono mwingine wa bahari na kuuacha huu upumzike. Kisha anakaa kimya, na mtoto, Mungu ambariki, hakuizima simu. Mzee anatazama pembeni. Anasema: "Siku hizi watu wanakata kama hawatarudi tena."

Dakika nne. Nimeionyesha hiyo katika shule nyingi kuliko sinema yoyote niliyoletewa, na mara zote nasimamisha pale mzee anaponyamaza. Watoto huniambia atakalosema kabla hajalisema. Tukitoka hapo ndipo tunaongea habari ya kaboni iliyozikwa kwenye tope la mikoko, na ya wenzetu wa Gazi, kule Kwale, ambao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja walianza mwaka 2013 kulipwa kwa kuilinda. Wanaelewa upesi, kwa sababu wameanza na mtu wanayemheshimu.

Zipo habari nyingine za kwetu zinazongoja kuingizwa darasani. Jahazi la Flipflopi lilijengwa hapa Lamu kwa takataka za plastiki, karibu tani 10, likavishwa ndara kuukuu kama 30,000, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Na mwaka huo huo wa 2019, mwezi wa Juni, mahakama ya mazingira iliifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watoto walio darasani leo walikuwa wadogo sana wakati ule. Wanastahili kujua kwamba watu wazima wa hapa walisoma maripoti mazito, wakauliza maswali, wakasikilizwa.

Wazazi wa wasichana, nina neno moja nanyi. Wengi wa binti zetu wanakua wakiitazama bahari kutoka juu tu. Kaka zao wamezamia, wanajua chini kukoje. Kwa msichana wa hapa, shuka lile jeupe mara nyingi ndiyo mara yake ya kwanza kuona kilicho chini ya maji anayoyasikia usiku kucha. Nimewaona wakisimama mkekani bila kujijua. Msiwanyime hilo, na mkiweza, wapelekeni waone wenyewe.

Juu ya vifaa sitasema mengi. Projekta ndogo ya betri, spika ukitaka, shuka lisilo na maua, sinema ziwe zimeshapakuliwa kwenye memori kadi kwa sababu intaneti ya visiwani mnaijua. Ukikosa projekta, simu moja kwa watoto watano inatosha. Ubishi huwa mkali zaidi wakiwa wachache.

La mwisho ni hofu.

Hili lilinifika mimi mwenyewe na bado linanisumbua. Nilionyesha sinema inayosema kwamba bahari inapanda na miji ya pwani itazama. Picha za mawimbi makubwa, nyumba zinabomoka, watu wamebeba watoto. Nilikuwa na haraka, mashua ilikuwa inangoja, nikafungasha nikaondoka. Wiki mbili baadaye mama mmoja akanisimamisha barabarani. "Mwalimu," akaniambia, "mwanangu halali. Kila bamvua, maji yakijaa sana, anaamka usiku, anachungulia dirishani maji yamefika wapi."

Sikuwa na la kumwambia pale pale. Nilikwenda nyumbani kwao baada ya Isha, nikaomba radhi, kisha nikamwomba yule binti anisindikize gatini kesho yake maji yakijaa. Tukakaa kwenye ngazi. Nikamwambia ukweli, kwa sababu mtoto akishaogopa, uongo haumfai kitu: bahari ya dunia inapanda, kiasi cha milimita 3 hadi 4 kwa mwaka. Nikamwonyesha milimita 4 kwenye rula yake. Akaitazama sana ile rula. Kisha tukahesabu tofauti ya maji kupwa na maji kujaa siku za bamvua hapa kwetu, zaidi ya mita 3, kila siku, na mji upo. Nikamwambia pia kwamba milimita hizo ndogo zikikusanyika miaka mingi zina madhara, visima hutiwa chumvi na fuo huliwa, na ndiyo maana yanatakiwa macho ya kuangalia. Mikoko inapunguza nguvu ya mawimbi. Vilima vya mchanga vya Shela vinatutunzia maji matamu. Vyote hivyo vina watu wanaovilinda, na majina yao anayajua.

Nikampa daftari. Nikamwambia, ukiamka usiku, usitazame tu, andika.

Akaanza kuhesabu ngazi za gati zinazobaki kavu maji yanapojaa kabisa. Wenzake wakamfuata, sasa ni darasa zima, wamegawana siku. Wanaandika upepo, mwezi, saa, na ngazi ngapi. Tangu wakati huo sionyeshi hatari yoyote kwenye shuka kama sina kazi ya kuwapa watoto kesho yake asubuhi, na sipandi mashua kabla swali la mwisho halijaulizwa.

Daftari lake la kwanza limejaa. Ameniruhusu nije nalo, hili hapa, limelowa kidogo pembeni. Ukurasa wa mwisho nauona kutoka hapa nilipo, mwandiko umelala upande mmoja: "Bamvua. Kusi inavuma. Maji yamejaa saa kumi na moja alfajiri, baba ameniambia. Zimebaki ngazi mbili. Mimi nilikuwa nimelala."